WhatsApp Business ya bure na ejensi ya laki tatu na nusu: nimezitumia zote mbili, haya ndo niliyoyaona dukani

Nianze kwa kusema mimi ni nani, mtu asije akadhani nimelipwa. Nauza mapazia na mashuka Kariakoo, ghorofa ya pili, kwenye yale majengo ambayo mteja akifika chini anapiga simu "dada nimeshafika" unamwambia panda ngazi za kushoto pita duka la mabegi, yeye anapanda za kulia anatokea kwa muuza masufuria, na akishatokea huko ndo basi, anarudi na sufuria. Mtu wa kupita njia akaingia kwangu kwa bahati hayupo. Fremu ya chini barabarani kodi yake na kilemba chake siviwezi kwa sasa. Kwa hiyo wateja wangu karibu wote wanatokea kwenye simu, na hii mambo ya masoko ya mtandaoni kwangu sio fasheni, ndo ada ya watoto.

Sasa huko nyuma nilikuwa nafanya kama wote tunavyofanya. Picha Instagram, kapsheni "Mzigo mpyaaa, bei DM, tunatuma mikoani", mioyo mitatu, basi. Watu wanakomenti "bei?" naandika "njoo DM mpenzi", kati ya kumi wanakuja wawili, kati ya hao wawili mmoja anasema "asante" na hiyo asante mnaijua maana yake, ni kwaheri.

Mwaka juzi nikaona isiwe tabu, nitafute wataalamu wa masoko ya mtandaoni. Nikapata ejensi moja, jina naliacha, wenyewe wakisoma watajijua. Walikuja dukani na leptopu, slaidi zina mishale na mafaneli, neno "brandi" nadhani lilitajwa mara mia, na kijana mmoja alivaa saa nzuri sana. Laki tatu na nusu kwa mwezi, posti 12, stori kila siku, na hela ya kuboosti, yaani kuilipa Instagram isambaze posti kwa watu wengi, natoa mimi mwenyewe pembeni. Nikasaini miezi mitatu. Piga hesabu, milioni moja na elfu hamsini, hapo bado boosti.

Jamani. Posti ya kwanza ilikuwa "Jumatatu njema wapendwa, anza wiki kwa nguvu" na picha ya jua linachomoza. Nikasema labda ni utangulizi. Tarehe 1 Oktoba nafungua ukurasa wangu nakuta kikombe kikubwa cha kahawa kinatoa moshi, logo yangu imebandikwa pembeni, "Heri ya Siku ya Kahawa Duniani". Nauza mapazia mimi! Mama mmoja akakomenti "kumbe mna mgahawa pia?" na ejensi wakamjibu kwa emoji ya kucheka. Kosa sio kusherehekea kahawa, kosa ni kwamba kwenye zile posti 12 za mwezi zenye pazia ndani yake zilikuwa nne, na kati ya hizo nne hakuna iliyosema kitambaa ni kizito au chepesi, kina rangi ngapi, wala bei.

Folowazi ndo walipanda kweli. Kutoka elfu nne na kitu mpaka elfu kumi na tisa kwa wiki sita. Nikafurahi mpaka nikamuonyesha mume wangu. Usiku mmoja sina usingizi nikaanza kuwafungua mmoja mmoja, hawana picha, majina ni herufi na namba zimemwagwa tu, wengine wameandika kwa lugha ambayo hata sijui inasomwa kuanzia upande gani. Wamenunuliwa hao. Na ubaya wa folowazi wa kununua hauishii kwenye hela, ni kwamba ukurasa wenye watu elfu kumi na tisa ukiposti ukapata laiki kumi na moja mteja halisi akiona anajua hapa kuna kitu hakiko sawa, anakuweka kundi la matapeli, na Instagram yenyewe ikiona posti yako watu hawaigusi haihangaiki kuisambaza. Mpaka leo nawafuta kidogo kidogo, jioni nikisubiri daladala.

Boosti nayo hivyohivyo. Kwa wasiojua, ukiboosti Instagram inakuuliza kwanza unataka nini, watu waje kwenye profaili, waende kwenye tovuti, au wakutumie meseji. Wenzangu walichagua profaili, eneo wakaweka Tanzania nzima, umri kuanzia 18 mpaka 65. Elfu themanini ikaliwa ndani ya siku tano, walinitumia ripoti nzuri ina grafu inapanda, meseji zilizoingia siku hizo zilikuwa nne na mmoja alikuwa anaomba kazi.

Niwape haki yao lakini. Walinifundisha kupiga picha. Mimi nilikuwa napiga pazia likiwa limekunjwa kwenye rafu na flashi juu, linang'aa kama nailoni. Wao wakalitundika dirishani mchana, mwanga unatokea nyuma, na hapo ndo mteja anaona kitu anachotaka kujua kweli, kwamba pazia hili linaonyesha ndani au halionyeshi. Hiyo naitumia mpaka leo. Ejensi nyota mbili kati ya tano, zote za picha.

Mkataba ukaisha sikuongeza. Nikabaki na simu yangu na ile programu ya WhatsApp Business ambayo nilikuwa nayo muda mrefu tu, naitumia kama WhatsApp ya kawaida, sijawahi hata kufungua upande wa mipangilio. Imetoka Januari 2018, ni bure, na naamini nusu ya wafanyabiashara wa Kariakoo wanayo kwenye simu na wanaitumia kutumiana vichekesho.

Kipindi hichohicho nikawa nasoma kozi ya bure ya HubSpot, kampuni ya programu za masoko ya wale Wamarekani, Brian Halligan na Dharmesh Shah walioanzisha kampuni yao mwaka 2006 na ndo walioipa umaarufu hii habari ya "inbaundi". Maneno mengi lakini kiini chake bibi yangu alikuwa anakijua sokoni, kwamba badala ya kumfukuza mtu barabarani unamshika mkono "dada njoo huku", wewe jibu swali alilokuja nalo, atakaa mwenyewe. Kisa kilichonikaa kichwani ni cha Marcus Sheridan, jamaa wa Virginia, alikuwa anauza mabwawa ya kuogelea ya faibaglasi. Uchumi wa Marekani ulipoanguka 2008 kampuni yao ilikuwa inazama, nani ananunua swiming puli wakati huo, akaamua kukaa chini kuandika majibu ya kila swali ambalo wateja huwa wanauliza, na la kwanza kabisa likawa lile ambalo wauzaji wenzake wote walikuwa wanalikwepa: bwawa ni shilingi ngapi. Yaani dola ngapi. Watu wakawa wanatafuta Google wanamkuta yeye tu, kwa sababu wenzake wote walikuwa wanasema kwa kizungu "bei DM".

Nilipofika hapo nikaifunga simu nikajiangalia.

Tuongee ukweli kwa nini tunaficha bei. Tunasema tunaogopa washindani. Jirani yangu bei yangu anaijua kabla mimi sijaipanga, tunachukua mzigo kwenye kontena moja! Sababu ya kweli ni kwamba tunataka kwanza tuangalie profaili ya mtu, kama anaishi Masaki na amepiga picha kwenye gari tunaongeza, kama ni binti wa chuo tunapunguza. Nimefanya sana, sijisifu. Ila mteja wa siku hizi ana maduka ishirini kwenye kioo cha simu, akiona hakuna bei anateleza kidole anaenda la pili, na hata yule mwenye hela ndo hapendi zaidi kuulizia ulizia.

Basi nikaingia kwenye katalogi. Hapa ndo sehemu ya programu hii ninayoipenda kuliko zote. Unaweka bidhaa mpaka 500, kila moja picha mpaka kumi, jina, bei, maelezo, na namba yako ya kuitambua. Mimi niliweka 38 tu. Kila pazia picha tatu, la kwanza limetundikwa mchana, la pili usiku taa imewashwa ndani nimepiga kutokea nje, la tatu mkono wangu umeshika kitambaa kwa karibu ili uone uzi. Maelezo nikaandika kama ninavyoongea, "zito, halionyeshi usiku, halichuji, kimo mita 2.8, bei ni ya mita moja, kushona ni bei tofauti". Mteja anachagua anaweka kwenye kapu ananitumia oda nzima, nafungua nakuta ameshaandika anataka lipi na ngapi. Linki ya katalogi nikaibandika kwenye bayo ya Instagram, na bei nikaanza kuziandika kwenye picha zenyewe kabisa.

Wiki mbili za mwanzo meseji zilipungua. Nikaogopa. Kumbe zilizopungua ni zile za "bei?" na "asante", waliobaki wakawa wanaanza na "dada nataka lile la kijani namba 14, madirisha yangu matatu". Mazungumzo ya aina hiyo ni matamu bwana.

Ya pili ni majibu ya haraka. Unaandika jibu mara moja, unalipa jina, ukitaka kulituma unaweka mkwaju (/) na jina lake, jibu linatokea lote. Ninayo /lipa inatoa lipa namba na jina litakalotokea ili mtu asidhani anatapeliwa, /mkoani inaeleza mzigo unapandaje basi pale stendi ya Magufuli Mbezi na gharama ya kutuma analipa nani, na /ngazi inayosema panda za KUSHOTO kwa herufi kubwa. Lakini iliyoniokoa ni /kipimo, na hii ina hadithi yake.

Kuna dada wa Goba aliniandikia upana wa dirisha ni 72. Mimi mapazia napima kwa sentimita, nikachukua 72 kama ilivyo, nikazidisha mara mbili kwa ajili ya marinda, fundi akakata mita moja na sentimita 44, akashona akaweka ringi, boda akapeleka. Jioni naletewa picha. Pazia limeanzia kushoto, limefika hata nusu ya dirisha halijafika, limeishia hapo kama mtu aliyesahau alichokuwa anataka kusema, na nje anaonekana jirani anaanua nguo. Alikuwa amepima kwa inchi! Inchi 72 ni sentimita 183, alitakiwa apate mita tatu na nusu na zaidi. Futi kamba yenyewe ina pande mbili, inchi huku sentimita kule, yeye kasoma upande wake mimi nimesoma wangu. Nilishona upya kwa hela yangu, na kale kapazia kafupi nimekatundika dukani kwenye mlango wa stoo.

Sasa /kipimo inasomeka hivi: "Dada/kaka naomba unipigie picha ya futi kamba ikiwa juu ya bomba la pazia, namba ionekane. Pima BOMBA usipime kioo. Upande wa sentimita, ule wenye namba kubwa kubwa. Urefu anzia kwenye bomba mpaka sakafuni, punguza sentimita mbili lisiburute." Tangu niiweke sijarudia kosa lile, na wateja wanatuma picha za futi kamba kama wanavyotuma picha za watoto.

Nikaona hili swali kila mtu analo, kwa nini nilijibu kwa mmoja mmoja. Mpwa wangu akanirekodi sekunde hamsini, nimesimama kwenye dirisha la sebuleni kwangu na futi kamba, naonyesha bomba, naonyesha upande wa sentimita, nasema zidisha mara mbili ukitaka marinda yajae, mara moja na nusu kama hela imebana. Hakuna muziki, nyuma jogoo anawika. Nikaiposti na kuipini juu ya ukurasa. Haikuvuma, msidhani imevuma, ila kila wiki kuna mtu anaingia inboksi kwa ajili yake, na wengi ni wa Dodoma ambako watu wanahamia kwenye nyumba mpya zina madirisha makubwa na hawana mtu wa kumuuliza. Mtu ambaye umeshamfundisha kupima hakuulizi tena kama wewe ni tapeli. Kahawa ya tarehe moja Oktoba haikuniletea hata mmoja.

Lebo. Hizi ni rangi unazombandika mteja kwenye chati, mpaka lebo 20, zimo zilizokuja nazo kama mteja mpya, oda mpya, anasubiriwa kulipa, amelipa, na unaweza kutunga zako. Mimi nimetunga "Kwa fundi", "Ipo kwenye basi", na moja inaitwa "Kesho Dada", ya wale wanaosema nitalipa kesho dada. Humo kuna watu 43. Mwisho wa mwezi mshahara ukishatoka nafungua Kesho Dada natuma kistaarabu, "habari mpenzi, lile la maruni bado nimekuwekea?" na huwa hawakosi watatu wanne wanaoamka.

Salamu ya moja kwa moja pia ipo, inaenda kwa mtu anayekuandikia mara ya kwanza au aliyekaa kimya siku 14. Ushauri wangu usiandike kama benki. Ejensi walikuwa wameniwekea "Asante kwa kuwasiliana nasi, ombi lako ni muhimu sana kwetu", mteja mmoja wa siku nyingi akanipigia "we mama nanihii umeniandikia nini, tumegombana?" Yangu sahivi inasema "Karibu, nipo na mteja dukani, katalogi na bei hizi hapa, nakujibu sasa hivi", na kweli namjibu.

Mabaya yake sasa, maana yapo. Kwanza broadikasti, yaani kutuma meseji moja kwa watu wengi kwa mpigo. Orodha moja inabeba watu 256 mwisho, na hata hao anayepata ni yule tu aliyesevu namba yako. Stetasi ndo hivyohivyo, lazima muwe mmeseviana. Watu wengi hawalijui hili, wanatuma ofa kwa watu mia mbili halafu wanashangaa kimya. Dawa niliyoipata ni siku ya kupokea mzigo namwambia mteja "nisevu Mapazia Kariakoo, vitambaa vipya naweka stetasi kwanza kabla ya Instagram", na kweli naweka kwanza huko, maana ukimdanganya mara moja anaku-mute. Unajikuta una watu mia mbili tu wanaoangalia ila hao ndo wanaonunua shuka bila kuuliza.

Pili, yenyewe haikuletei mtu mpya. Inampokea vizuri aliyekuja, lakini kuja aje na njia yake. Kwa hiyo Instagram sijaiacha, na duka nimeliweka Google Maps ambako nako ni bure, nikapakia picha za ngazi zenyewe kabisa, kushoto na kulia, na mshale. Siku hizi wateja wanapanda wanatokea mlangoni hawajanipigia. Muuza masufuria ameuliza mbona watu wamepungua.

Tatu, simu. Biashara yote ipo ndani ya kifaa kinachoweza kuchomolewa mfukoni pale Msimbazi saa kumi na mbili jioni. Weka bakapu, weka ile namba ya siri ya hatua mbili, na vifaa vya pembeni unaruhusiwa kuunganisha mpaka vinne, kwa hiyo binti yangu wa dukani anajibu kwenye leptopu. Ila kubalianeni kwanza, sisi tulishawahi kumjibu mteja mmoja wote wawili kwa wakati mmoja na bei mbili, akachagua ya chini, haki yake.

Na boosti naweka bado, sikufichi, elfu kumi kumi tu, nachagua meseji, naweka Dar na Dodoma, na ninachoboosti ni ile video ya futi kamba yenye jogoo.

Kwa hiyo WhatsApp Business nyota nne, na ile ya tano inazuiwa na broadikasti. Kwa mwenye duka anayeanza leo, asihangaike na vyote, aweke bidhaa ishirini zenye bei kwenye katalogi na aandike majibu ya maswali matano anayoulizwa kila siku, kazi ya jioni mbili na bando la elfu moja. Ejensi zipo nzuri naamini, mwenzangu mmoja wa vipodozi anayo na anaisifia, lakini kabla hujasaini muombe akuonyeshe meseji za wateja alizoleta, usikubali kuonyeshwa folowazi, na muulize tarehe 1 Oktoba ataposti nini.

Naishia hapa, kuna meseji imeingia. Ni wa Kesho Dada. Alikuwemo humo tangu Ramadhani, kalipa yote, na anauliza lile la maruni lipo?